Mashine Chini ya Turubai

Mhina ni fundi wa kuchomelea mjini Handeni. Asubuhi hunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, kisha hufungua karakana yake. Hutengeneza milango, mageti na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Mkewe, Zamda, huuza vitenge sokoni. Mchana humletea chakula, na Mhina hula huku akitazama simu.

Siku moja aliona picha kwenye simu, akarudisha tonge la ugali sahanini. Ilikuwa picha ya Eliasi. Zamani Mhina na Eliasi walijifunza ufundi pamoja Korogwe, kwa fundi mmoja. Sasa Eliasi ana karakana yake hukohuko. Kwenye picha alikuwa na shati jeupe, ameshika cheti, amesimama na maofisa wa serikali. Chini paliandikwa: "Pongezi kwa mbunifu wetu wa mashine ya kupukuchua mahindi."

"Mbunifu!" alisema Mhina. "Huyu? Alikuwa akikata nondo pindapinda, mimi ndiye niliyekuwa nanyoosha!"

"Na wewe nenda kwa maofisa hao ukaombe msaada," alisema Zamda. "Nani amekukataza?"

"Sitaki msaada. Nataka watu waone nani fundi."

Huo ulikuwa wivu, tena wivu hasa. Mteja akimsifu Eliasi, Mhina alipiga nyundo kwa nguvu ili asisikie. Lile shati jeupe lilimuudhi kuliko hata cheti.

Lakini Mhina alikuwa na jambo lake. Mashine ya Eliasi, kama nyingine alizoziona, ilikuwa na kasoro. Gunzi nene lilikwama. Gunzi jembamba lilitoka na punje zake. Basi Mhina alibuni ulimi wa chuma wenye springi. Ulimi ule ulijisogeza wenyewe, gunzi likiwa nene au jembamba. Alikuwa ameujaribu mara nyingi nyuma ya nyumba. Zamda peke yake ndiye aliyeuona.

Mhina akampigia simu Eliasi. "Jumamosi njoo gulio la Kwedizinga. Nina mashine ya kupukuchua. Vaa shati lako jeupe."

Eliasi akauliza, "Umeshawaonyesha watu?"

"Nitawaonyesha hiyo Jumamosi. Nitafungua tumbo lote!"

Ndivyo wanavyofanya mafundi wa huko. Mkulima hanunui mashine iliyofungwa. Fundi huondoa mfuniko, watu wakainama, wakashika kila chuma, wakauliza. Fundi anayekataa huambiwa ana ujanja.

Jumamosi watu walijaa mbele ya turubai la Mhina. Aliposhika kamba afungue, akamwona Eliasi anashuka kwenye bodaboda. Alivaa ovaroli chafu. Nyuma yake alishuka mama mwenye begi la mafaili.

"Mhina, ndugu yangu, nakuomba usifunue," alisema Eliasi.

Mhina alicheka kwa sauti. "Zamda, unaona? Mtu anaumwa wivu mchana kweupe!"

Eliasi akamvuta pembeni. "Nisikilize. Mwaka juzi mimi nilifungua mashine yangu kwenye maonyesho. Watu wakapiga picha kila chuma. Baadaye nikaenda kuiombea hataza. Nikaambiwa nimechelewa, mashine si mpya tena kwa kuwa kila mtu ameshaiona."

"Na kile cheti?"

"Ni cha kusajili jina la mashine tu. Jina ni langu. Mashine yenyewe anaitengeneza yeyote anayetaka." Eliasi alitazama chini aliposema hivyo.

"Hataza ndiyo nini?" aliuliza Zamda.

Yule mama akajibu. Aliitwa Loyce, ofisa wa serikali wa viwanda vidogo. "Ni haki anayopewa aliyebuni kitu kipya. Kwa muda maalumu, mwingine haruhusiwi kukitengeneza kibiashara bila idhini yake. Lakini lazima aombe kabla ya kukionyesha hadharani."

"Sasa watu hawa wote awafanyeje?" aliuliza tena Zamda.

"Awauzie majembe."

Mhina akakaza kamba. Watu wakazomea. "Kumbe hana mashine!" alisema mmoja. Mhina aliuma meno. Kuaibishwa mbele ya Eliasi kulimchoma kuliko cheche za moto.

Jumatatu alikwenda kwa Loyce, amenuna bado. Loyce akafungua daftari, wakaanza kupanga.

"Ulimi ni kitu kipya, kwa hiyo tunauombea hataza," alisema. "Jina na alama ya mashine, tunasajili, ili mwingine asiuze kwa jina lako. Na ile springi, unaikaza namna gani?"

"Naichoma, kisha naizamisha kwenye—"

"Usiniambie hata mimi! Mtu akitazama springi hawezi kujua ulivyoikaza. Hiyo iwe siri yako. Mafundi utakaowaajiri waandike ahadi ya kuitunza."

"Anayesajili ni nani?"

"BRELA, wakala wa serikali wa usajili. Mimi nakusaidia kuchunguza kama kuna aliyekutangulia, kuandika maelezo na kujaza fomu. Majibu huchukua muda, lakini tarehe ya kuomba ndiyo inayohesabiwa."

Wakachunguza, hawakuona ulimi kama ule. Mhina akatuma maombi, akapata namba na tarehe. Hapo ndipo aliporudi Kwedizinga na kufunua turubai. Wakulima waliingiza magunzi manene na membamba. Yote yalitoka meupe, hayana punje. Watu walipiga picha na Mhina hakujali.

Eliasi naye alikuja. Aliinama, akaubonyeza ulimi kwa kidole. Akaubonyeza tena, na tena.

"Hongera," alisema, lakini macho hayakucheka. "Miaka yote nimekaa na mashine ile. Sikuuwaza ulimi."

Mhina aliujua uso ule. Ndio uso aliokuwa nao yeye siku aliyoona picha. Tuseme kweli, alifurahi. Alifurahi kidogo, kisha akaona haya.

"Eliasi," alisema, "jina lako linajulikana mpaka Lutindi. Mimi hakuna anayenijua ng'ambo ya stendi. Weka ulimi wangu kwenye mashine zako. Kila utakayouza, nipe fungu langu."

"Mwandikishane!" alisema Zamda haraka.

Wakaandikishana mbele ya Loyce. Msimu wa mavuno, mashine zenye jina la Eliasi na ulimi wa Mhina zilipukuchua mahindi Handeni na Korogwe. Siku moja, wakipakia mashine kwenye gari, Eliasi akamgeukia mwenzake.

"Mhina, ungeweza kuninyima ulimi ule."

"Nawe ungeweza kuninyamazia siku ile ya gulio," alisema Mhina.