Wubshet na Daktari wa Kwenye Simu

Huku kwetu kahawa ni raundi tatu. Anayeondoka kabla ya ile ya mwisho, ya baraka, huonekana hana adabu. Wubshet alianza kuikimbia hata ya kwanza, mbio chooni.

"Ndugu yangu, chooni kwako kuna asali?" jirani alimtania.

Wubshet alicheka, lakini moyoni aliogopa. Mkojo ulimtoka kwa matone na kumwamsha mara tano kila usiku. Kaka yake alianza hivyohivyo, akafa kwa saratani ya tezi dume. Basi Wubshet akaacha kunywa maji, akidhani atapona. Wapi! Mkojo ukaanza na kuchoma.

Mkewe, Zenebech, akamburuta hadi zahanati. Muuguzi Mulunesh akampigia simu ya video daktari wa mkojo, aliye mjini, safari ya siku nzima.

"Baba, una shida gani?" daktari akauliza.

Wubshet akawatazama wale wanawake wawili. Akavuta shuka alilojitanda mpaka masikioni. "Mafua tu, daktari."

"Mafua!" Zenebech akaruka. "Huyu aibu itamzika!"

Daktari akasema, "Mulunesh, mwachie simu. Tokeni, mfunge mlango."

Mlango ulipofungwa, Wubshet akasema yote, hata la kaka yake.

"Tezi ikikua hubana njia ya mkojo," daktari akaeleza. "Mara nyingi si saratani. Ila simu haipimi. Mulunesh atachukua damu na mkojo, kisha uje nikuchunguze mwenyewe. Maji kunywa mchana, jioni punguza. Ukiona damu, au mkojo ukigoma kabisa, usingoje simu. Nenda hospitali saa hiyohiyo."

Alikwenda mjini, akachunguzwa, akarudi kusubiri majibu. Siku tisa injera, mkate wetu, ilirudi jikoni bila kuisha.

Siku ya kumi simu ikaita pale zahanati, Wubshet akaachiwa chumbani peke yake. Zenebech, nje ya mlango, akasikia kilio. Akauvamia mlango.

"Mume wangu! Kasemaje?"

"Hawajaona saratani. Tezi imekua tu. Vidonge vipo."

"Sasa unalia nini, wewe?"

"Nilishazoea kufa. Ngoja kwanza nizoee kuishi."

Siku hizi Wubshet huamka mara moja tu usiku. Zenebech ndiye hajazoea. Kitanda kikitulia mno, humgusa mumewe kuona kama bado anapumua.