Begi la Tatu

Nyumbani walimwita Kiherehere, na jina hilo hakulionea haya hata kidogo. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Asubuhi, kabla mama yake hajamaliza kuuliza nani ataleta maji, ndoo ilikuwa imeshajaa. Jirani akitua mzigo mlangoni apumue kidogo, Kiherehere alikuwa ameshajitwika. Bibi yake ndiye aliyempa jina, siku alipojitolea kumenya vitunguu akamenya mpaka vile vilivyowekwa kwa ajili ya mbegu. Watu walicheka, naye akacheka nao. Kusifiwa alikupenda kuliko sukari.

Baba yake alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali, kinachonuka gundi na vumbi la mbao, na ukutani ilining'inia miguu ya kila aina, minene kwa miembamba, ya watu wazima na ya watoto. Yeye mwenyewe alitembelea mguu alioutengeneza kwa mikono yake, wa kulia, kuanzia chini ya goti. Aliuzoea kiasi kwamba wageni hawakujua mpaka wamwone ameketi, anawaza, anaugonga kwa penseli: ko, ko, ko. Jioni baada ya shule Kiherehere alifagia karakana na kupiga msasa vipande vilivyokwaruza.

Likizo ilipofika, baba alimwambia kuwa wangesafiri pamoja. Katika mji wa mbali kulikuwa na mkunga aliyepoteza mguu wa kushoto kwa ajali ya barabarani, na mguu wake mpya ulikuwa tayari. Mkunga alikuwa ametuma kiatu chake cha kushoto, cheusi, cha kisigino kifupi, na baba akauvisha ule mguu. Kiatu cha kulia alibaki nacho mwenyewe. Daktari wa kumfunga mguu alikuwa mgeni, na asubuhi ya siku iliyofuata safari hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake katika hospitali ile. Wakichelewa, mkunga angebaki na magongo mpaka daktari arudi, na hakuna aliyejua angerudi lini. Mkunga alikuwa amepiga simu kusema, kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia, kwamba kiatu cha kulia ameshakipaka rangi.

Basi baba na binti wakaondoka alfajiri. Treni ya kwanza iliwashusha kwenye stesheni kubwa iliyojaa watu, na hapo iliwabidi kungoja treni ya pili mpaka mchana. Mizigo yao ilikuwa miwili: begi refu lenye mguu, na begi dogo la nguo. Baba alitaka kwenda madukani kutafuta mkanda wa ngozi wa kufungia mguu, maana ule aliokuja nao hakuuamini. Kutembea na mizigo katika msongamano ule hakukuwezekana. Wakaamua kuiweka stoo.

Stoo ya mizigo ilikuwa na dirisha moja na foleni ndefu. Utaratibu wao ulikuwa hivi: mizigo ya familia moja ilifungwa kwa kamba moja, ikatundikwa kibati kimoja chenye namba, na kibati pacha akapewa mwenye mizigo. Bila kibati hupati kitu, hata ulie machozi ya damu. Baba alimwambia Kiherehere ashike foleni wakati yeye anakwenda kugongesha tiketi mhuri.

"Mizigo yetu ni miwili," alimwambia. "Ukifika dirishani, sema hivyo tu."

Kiherehere aliitikia huku macho yake yanatembea. Nyuma yake alisimama mwanamume aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri kwa pasi, mkononi ana begi la kijivu. Alikuwa akitazama saa na kuguna. Akamwambia Kiherehere kwamba ana mgonjwa hospitalini, kwamba muda wa kuwaona wagonjwa unakaribia kwisha, na foleni yenyewe ndiyo hiyo, haisogei. Kisha akamtazama kama mtu aliyepata wazo sasa hivi. Kwa nini begi lake lisiwekwe pamoja na mizigo yao? Angerudi mchana, wakati wao wanachukua ya kwao, naye achukue lake.

Kiherehere alitaka kusema angoje baba arudi. Hata mdomo aliufungua.

"Watoto wenye adabu kama wewe wamekuwa adimu siku hizi," mwanamume akasema. "Mjomba wako nakutegemea."

Hapo ndipo alipopatikana. Alilipokea begi kwa mikono miwili, nalo lilikuwa zito kuliko alivyotarajia. Ndani kitu kilikwaruza kidogo. Akadhani ni viatu.

Mama wa stoo alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na hakuwa na mazoea ya kutabasamu. Alilitazama kila begi, kisha akamtazama binti.

"Yote matatu ni yenu?"

"Ndiyo, yetu yote," Kiherehere akajibu.

"Mna kitu kinachooza, kinachoweza kuwaka, au chenye uhai?"

"Hamna, mama."

Alisema hivyo bila hata kupepesa macho, na lile begi la kijivu hakuwahi kuona hata zipu yake ikifunguliwa. Mama wa stoo akayafunga yote matatu kwa kamba moja, akatundika kibati, na kibati pacha akampa. Baba aliporudi alikipokea na kukitia mfukoni. Kiherehere alitaka kumweleza, lakini alimjua baba yake. Angemrudisha kwenye foleni palepale. Akajiambia kuwa hilo ni jambo dogo, watalimaliza mchana.

Madukani walizunguka sana, wakapata mkanda mzuri, laini na imara. Baba alikuwa na furaha, akimtania Kiherehere kwamba akiendelea kukua kwa kasi ile atamshonea viatu vya ngozi ya ng'ombe mzima. Waliporudi stoo muda wa treni ulikuwa unakaribia. Baba akatoa kibati na kukiweka dirishani.

Mama wa stoo alikitazama kwa muda. Hakwenda kuleta mizigo. Akafungua mlango wa pembeni na kusema kwa sauti ya chini, "Ingieni ndani."

Ndani walikuwamo askari wawili wa stesheni, mmoja mzee na mmoja kijana. Mabegi yote matatu yalikuwa sakafuni, bado yamefungwa kamba moja. Mara Kiherehere akaona jambo lililomfanya asimame kama amepigiliwa misumari. Begi la kijivu lilisogea. Hakuna aliyeligusa, nalo likasogea tena.

Baba alilitazama begi, akawatazama askari, akasema kwamba hilo si lake. Mama wa stoo akasema kwamba binti yake alithibitisha kuwa yote ni yao. Baba akageuka kumtazama Kiherehere, na Kiherehere akatazama sakafu.

Askari mzee alikata kamba, akafungua zipu. Ndani mlikuwa na kobe, wamepangwa kama sahani kabatini, kila mmoja amezungushiwa utepe wa gundi, miguu yote ikabanwa ndani ya gamba. Wadogo walikuwa wametiwa ndani ya soksi. Mmoja alikuwa ameng'oa gundi upande mmoja, na mguu wake uliobaki huru ulikuwa ukipapasa hewa. Ndiye aliyekuwa akilisukuma begi. Mama wa stoo akavua miwani, akaketi kwenye kigoda bila kutazama kama kipo. Kwa bahati kilikuwapo.

"Hawa ni wanyamapori," askari mzee akasema. "Kuwasafirisha hivi ni kosa kubwa. Na mengine mna nini?"

Hakungoja jibu. Alimfanyia ishara askari kijana afungue begi refu. Kijana akafungua, akaingiza mkono, akavuta. Kilichotoka ni kiatu cheusi cha kike, na ndani ya kiatu mlikuwa na mguu.

Yule kijana aliuachia kama ameshika kaa la moto. Alirudi nyuma mpaka akagonga rafu, na masanduku mawili yakamwangukia. Hata askari mzee, aliyeonekana kuwa ameshaona mengi, alishika ukuta. Mama wa stoo alianza kusali.

"Jamani, ni wa mbao," baba akasema. "Mimi ni fundi."

Lakini walikuwa wameshapoteza masikio. Kijana alikuwa anauliza mwili uko wapi. Basi baba akainua suruali yake mguu wa kulia, akaokota penseli mezani, akajigonga: ko, ko, ko. Kijana akatumbua macho zaidi. Akasogea polepole, akaomba ruhusa, akaugonga kwa kidole chake mwenyewe, kisha akaketi juu ya sanduku lililomwangukia akijifuta jasho.

Suala la mguu likaisha. La kobe halikuisha. Askari mzee alisema amemwelewa fundi, lakini kibati kilikuwa chake, kamba ilikuwa moja, na binti yake alisema begi ni lao. Ilibidi waende ofisini, na kazi ya ofisini haiishi kwa haraka. Baba akaeleza habari za mkunga na daktari. Askari akatikisa kichwa. Alisikitika, na uso wake ulionyesha hivyo, lakini hakubadili neno.

Kiherehere alikuwa hajatoa sauti hata moja. Yeye, ambaye nyumbani hakuwahi kungoja kuulizwa. Alimwona baba yake akiurudisha mguu wa mkunga ndani ya begi taratibu, akafuta vumbi kwenye kiatu kwa kiganja. Ndipo machozi yakamtoka, na maneno yakatoka nayo.

"Nilidanganya," akasema. "Si letu. Nilisema ni letu kwa sababu yule mtu alinisifu."

Akasimulia yote, bila kujipunguzia: foleni, shati jeupe, mgonjwa wa hospitalini, kitu kilichokwaruza akakinyamazia, na jinsi alivyomficha baba. Askari mzee alimsikiliza, kisha akasema kwamba mtoto anaweza kusema lolote ili kumwokoa baba yake. Lilikuwa jambo la kweli, na lilimchoma Kiherehere kuliko kofi. Asubuhi alisema uongo akaaminiwa mara moja. Sasa alisema kweli, na hakuna aliyeisogelea.

Mama wa stoo ndiye aliyevaa miwani tena. Akamuuliza binti kama mtu yule alisema angechukuaje begi lake bila kibati. Kiherehere akakumbuka: alisema angekuja wakati wao wanachukua ya kwao.

"Basi yuko hapo nje," mama wa stoo akasema. "Anawangoja nyinyi. Humu ndani hajui kilichotokea."

Kobe wakatolewa, wakafunguliwa gundi, wakawekwa ndani ya beseni lenye maji kidogo. Begi la kijivu likajazwa blanketi kuukuu za stoo na vipande vya matofali. Baba akatoka amelibeba begani, begi refu mkononi, Kiherehere pembeni yake na begi la nguo. Askari wakatokea mlango mwingine. Hawakufika hata kwenye benchi za abiria kabla ya shati jeupe kujitokeza, limejaa tabasamu.

"Mgonjwa wangu hajambo," akasema huku ananyoosha mkono. "Ahsante sana, binti. Hilo la kijivu ni langu."

Askari mzee alikuwa ameshasimama nyuma yake. Akamwomba arudie aliyoyasema. Mtu yule akageuka, akaona sare, akasema kwamba begi si lake, amelifananisha tu. Lakini kidole chake kilikuwa bado kimeng'ang'ania mkanda wa begi, na ndani ya mfuko wa shati vilipatikana vipande vya utepe uleule wa gundi. Wakamchukua. Alipopita alimtazama Kiherehere mara moja, bila adabu zile za asubuhi.

Mkuu wa stesheni alipoelezwa, akaamuru treni ya mchana ingoje kidogo. Baba na binti walipanda huku abiria wananung'unika. Kabla ya hapo Kiherehere alikuwa amerudi stoo mara moja kumwomba mama wa stoo msamaha. Aliwakuta kobe ndani ya beseni wakinyoosha shingo. Mmoja, mdogo kabisa kati ya wale wa soksi, hakunyoosha. Mama wa stoo alimfunika kwa kitambaa. Hakumlaumu binti, na kutolaumiwa huko kulimliza njia nzima.

Baba alimwacha alie. Alipotulia, alimwambia asidhani kwamba kosa lake lilikuwa kumsaidia mtu. "Saidia, mwanangu, usiache. Lakini ukisema kitu ni chako, umekibeba chote, na usichokiona pia. Na ukikosea, niambie mimi mapema, wakati jambo bado ni dogo."

Asubuhi iliyofuata mkunga aliwangoja kitandani, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha, kiatu cha kulia kimelala mapajani kinang'aa. Daktari aliufunga mguu kwa ule mkanda mpya. Mkunga alisimama. Alitazama chini, viatu viwili vyeusi vikiwa pamoja tena. Kisha akapiga hatua moja ya kuyumba, na nyingine, baba akimfuata mikono wazi bila kumgusa. Kiherehere aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Walipofika mlangoni, mkunga alitaka kujaribu korido. Akamnyooshea Kiherehere mkoba wake amshikie. Mikono ya binti ilinyanyuka yenyewe, kama kawaida yake, kisha ikasimama katikati.

"Samahani, mama," akasema. "Mna nini ndani?"

Daktari alishangaa. Baba alishtuka, kisha akaanza kumweleza mkunga kisa cha stesheni, kwa kifupi, na Kiherehere mwenyewe akasahihisha pale baba alipomfichia aibu. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua mkoba mbele yake: leso, kitana, dawa za maumivu, na picha ya mtoto wa mwisho aliyempokea duniani kabla ya ajali.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," mkunga akasema. "Mwenye mzigo safi hakasiriki ukiuliza. Anayekasirika, huyo mwachie mzigo wake. Haya, umeona vyote. Utanishikia?"

"Nitakushikia," Kiherehere akajibu. Akaukumbatia mkoba kifuani, na wakaingia koridoni, yeye mbele akifungua njia, na nyuma yake viatu viwili vikigonga sakafu, kimoja baada ya kingine.