Ardhi Mbichi ya Kizingitini

Magharibi ilikaribia. Mwalimu Revelian alirudi kutoka sokoni Temeke na kipande cha nondo na waya wa shaba, akiharakisha kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Mkewe, Kokushubila, alikuwa hali wala halali. Habari za kifo cha dada yake, Auleria, zilimfikia baada ya maziko kwisha huko Bukoba. Hakumwona uso, hakumtupia hata konzi ya udongo. Alichobaki nacho ni santuri moja, ambamo marehemu aliimba na kwaya ya Kampala. Nayo haikusikika. Kila gramafoni ya umeme ilipowashwa, mvumo mzito ulitanda chumbani, mmm… ukaimeza sauti.

Revelian hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kwenda sokoni alianza kwa kugeuza plagi. Mvumo. Kisha akaitenga gramafoni na redio, akazitawanya nyaya. Mvumo. Mwishowe alishika chuma cha mkono wa sindano, na mvumo ukakatika; alipoachia, ukarudi. Basi akajua: mashine ilikosa njia ya kwenda ardhini, na mwili wake ndio ulioipa njia hiyo.

Sasa alitafuta pa kupigilia nondo. Uani kote udongo ulikuwa mkavu, isipokuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, palipokuwa pabichi hata kiangazi. Akajipongeza. Akapigilia nondo.

Ka!

Kitu kilivunjika chini. Ikapanda harufu ya uvumba, na ya nywele zilizoungua.

"Mwalimu…" Bi Mwanakombo, mwenye nyumba, alisimama nyuma yake na kata ya maji mkononi. "Umechimba hapo?"

"Shikamoo, Bi. Nilitafuta penye unyevu."

"Unyevu!" Alicheka bila furaha. "Mvua hunyesha kizingitini peke yake? Maji hayo namwaga mie kila magharibi, tangu marehemu mume wangu alipozika hapo fingo, dawa ya kulinda nyumba. Nyie watu wa bara mmesoma mpaka mkapitiliza."

"Fingo la kuzuia wezi?"

"Wezi wana miguu, baba."

Kutoka ndani Kokushubila aliita kwa sauti ya kuchoka, "Mwalimu, bado?"

Revelian alimtazama Bi Mwanakombo. Akaitazama nondo. Akafunga waya.

Mvumo ukafa. Auleria akaimba, safi, kama yuko chumbani, na Kokushubila akalia kilio alichokuwa akikitafuta. Wimbo ulipokwisha, Revelian aliinua sindano.

"Ing'oe sasa," Bi Mwanakombo alinong'ona mlangoni. Hakuingia.

Akaing'oa nondo. Akarudi ndani, akasubiri mvumo.

Kimya.

Taa ya gramafoni iliwaka. Waya ulining'inia hewani. Wala hapakuwa na mtu aliyeshika chuma… mtu wa kuonekana.

Ndipo, kutoka upande wa gramafoni, si kutoka kipazani, ikaja sauti ya kike, ya karibu mno.

"Koku…"

"Asiitike!" Bi Mwanakombo alinong'ona. "Mzuie mkeo, asiitike!"

Revelian aliruka kumziba mdomo. Akachelewa. Uso wa Kokushubila ulikuwa umechanua kama wa mwenyeji aliyefikiwa na mgeni.

"Abee, dada."

Pazia likatikisika. Harufu ya uvumba ikatoweka. Mvumo ukarudi, mmm… kana kwamba mkono umeachia chuma kwa kuwa hauna haja nacho tena.

Kesho yake Revelian alimfuata Bi Mwanakombo kibarazani, akamwomba azike fingo jingine.

"Fingo huzuia anayekuja," bibi alijibu, macho chini. "Halimtoi aliyekwisha karibishwa."

"Nani basi humtoa?"

"Aliyemwitikia. Tena kwa kinywa chake. Kamwambie mkeo."

Revelian aliondoka na maneno yake tayari, akiyapanga moja baada ya jingine. Alipofika mlango wa jikoni, akasita. Kokushubila alikuwa akimenya ndizi, mashavu yamerudiwa na rangi. Alisema jambo kwa Kihaya, akanyamaza kidogo, akiinamisha sikio; kisha akacheka, kicheko ambacho mumewe hakuwa amekisikia tangu msiba.

Akamwona. "Mwalimu, ulikuwa unataka kusema nini?"

Revelian alifungua mdomo.

"Hamna kitu," akasema.

Jikoni, sauti mbili za kike zikacheka.