Anayeuliza Chumba

Kikombe kilikuwa kimenywewa. Tabea alikijaza mwenyewe, chai ya maziwa yenye tangawizi, akakiacha mezani, akaingia ndani kumbadilisha Diana nepi, na aliporudi alikuta majani ya chai tu chini ya kikombe, na kiti cha mgeni kimelowa kama kimekaliwa na mtu aliyetoka kwenye mvua. Nje jua lilikuwa linawaka mpaka kuku wamejificha chini ya miti ya kahawa.

Sifaeli, mumewe, alisema ni paka.

"Paka anakunywa chai ya moto?"

"Wa huku kwetu hapana. Wa kwenu Nduruma sijui." Akacheka, akawasha pikipiki, akaenda zake Njiro kupiga lipu nyumba za watu.

Lakini paka hafungui geti. Na geti likaanza kufunguka kila jua linapofika utosini, likilia kwenye bawaba, halafu nyayo za viatu vilivyolowa, chwa, chwa, mpaka barazani, halafu kimya, halafu harufu, harufu ya koti lililokaukia mwilini ikichanganyika na ile dawa ya kudekia ya zahanati. Tabea aliijua harufu hiyo. Hakumwambia mtu kwamba anaijua.

Jirani yake Irine alipoinusa alijiziba pua na kanga, akanong'ona, "Mama Diana, humu kuna jini. Mwite mwinjilisti kabla halijazoea."

Mwinjilisti akaja na nusu ya kwaya, wakaimba, wakakemea mpaka mashati yakaloa, na kitu kile kikatulia kama mtu mwenye adabu anayesubiri wageni waondoke. Walipotoka getini tu, sauti ya kiume, ya upole, ikauliza kutoka kwenye kile kiti:

"Mama Diana, chumba kimehamia wapi?"

Tabea alikaa sakafuni pale pale.

Chumba alikijua. Mpaka mwaka jana zahanati ya kata yao, hapa mlimani juu ya Tengeru, ilikuwa na chumba cha wagonjwa wa akili, na nesi wake, na dawa. Elinami, kijana wa bondeni, alipanda kila mwezi kuchukua dawa zake, na akirudi alisimama getini kwa Tabea kuomba chai. Akiwa na dawa alikuwa mtu mzima kabisa, anapogoa migomba, anatania wenzake. Halafu halmashauri ikasema fedha za kata zinatosha jambo moja tu: chumba kile kiendelee, au kifungwe ijengwe wodi ya wazazi. Diwani Melkizedeki alishaahidi wodi kwenye kampeni. Akamfuata Tabea, maana kata nzima ilijua amemzaa Diana kando ya barabara, amefunikwa kwa makoti ya madereva wa bodaboda.

"Wewe mwanangu eleza tu yaliyokupata," alimwambia. "Ukilia kidogo si vibaya."

Siku moja kabla ya mkutano mama yake Elinami alikuja na jani la isale, amelifunga fundo, amelishika kwa mikono miwili. Hapa mlimani ukiletewa isale ukaipokea, umekubali unachoombwa, hakuna mjadala. "Omba wodi, mwanangu, ni haki yako," alisema. "Lakini usiseme chumba cha mwanangu kife." Tabea aliona aibu kumrudisha mama wa watu na jani mkononi. Akalipokea. Na kesho yake akasimama mbele ya watu, akalia, akasema vichaa wana wachungaji wa kuwaombea, sisi wazazi tuna nani? Wakapiga makofi. Na yeye, Mungu amsamehe, aliyafurahia.

Nesi akahamishwa. Dawa zikawa za kufuata mjini, kwa nauli. Wodi ikafika usawa wa madirisha ikasimama, fedha zikahamia kwenye uzio wa zahanati. Elinami akaishiwa dawa, akawa anapanda kugonga kuta za zahanati akiuliza chumba, mpaka masika yalipokolea akaelekea msituni na koti lake, na walioopoa mwili wake mtoni walisema alikuwa ameshika kadi yake ya kliniki.

Sasa alikuwa anamuuliza yeye. Aliuliza wakati Tabea anachambua mboga, aliuliza akimwogesha mtoto, aliuliza polepole bila hasira, na Tabea akawa hajui tena kama sauti inatoka kwenye kiti au inatoka ndani ya kichwa chake mwenyewe, akawa halali, hali, anaziba masikio na bado anasikia, mpaka mchana mmoja alipokwenda kitandani kumchukua Diana asimkute, akatafuta nyumba nzima, akamkuta kwenye kiti cha mgeni, kimya, wa baridi, amelowa mpaka nywele, anapumua, na Tabea akaitazama mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, na hakukumbuka kitu.

Siku hiyo alimwambia mama mkwe wake, Bibi Elizabeth, yote. Bibi hakumgombeza. Alikata isale, wakashuka bondeni.

"Shikamoo, mama," Tabea alisema, akapiga magoti.

Mama yake Elinami alilitazama jani. Isale haikataliwi. Akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Lakini si mimi ninayekuja kwako. Mwanangu anauliza chumba. Nenda kamjibie."

Basi kwenye mkutano wa bajeti Tabea alisimama tena, Diana mgongoni. Safari hii hakulia. Alisema alidanganya jani la watu. Alisema anasikia sauti, anaogopa mikono yake, anaumwa na hana pa kwenda, kwa hiyo chumba kirudi na wodi iishe.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Ndugu zangu," alisema diwani, "mwenzetu amechanganyikiwa. Tumkumbuke katika maombi. Suala lake tutaliangalia bajeti ijayo. Tuendelee na uzio."

Bibi Elizabeth alikuja nyuma yake, akafungua kanga taratibu. "Nimlee huyu kwa sasa, mwanangu," alinong'ona. "Mpaka utakapopona." Mgongo wa Tabea ukabaki mwepesi, wa baridi. Watu wa benchi lake wakainuka mmoja mmoja, Irine naye, wakakusanya watoto wao wakahamia upande wa pili.

Akakaa peke yake. Halafu ubao ukabonyea upande wa pili wa benchi, polepole, na harufu ya koti ikamfikia.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia," Tabea alijibu kwa sauti ndogo. Watu wakamgeukia.

"Wamesemaje?"

"Wamesema bajeti ijayo."

"Basi tusubiri," ilisema ile sauti, ikamsogelea, mpaka bega lake likaloa.