Mpini wa Usukani

Goulven Malgorn, rafiki yangu wa kisiwani Ouessant, pwani ya Ufaransa, alikwenda bara peke yake kwa mashua kuchukua unga. "Bila Jakez kwenye usukani utakwenda upande upande kama kaa," mama yake alimtania, kisha akalia. Jakez, mdogo wake Goulven, alikuwa amekufa maji, na kwa kuwa mwili haukupatikana tulizika msalaba wa nta badala yake, kama ilivyo desturi yetu.

Wakati wa kurudi, ukungu ulitanda karibu na miamba na tanga likakwama. Goulven alikimbilia mbele akipaza sauti kwa mazoea: "Jakez, shika hivyo hivyo!"

Ndipo alipokumbuka kwamba hakuufunga usukani kwa kamba. Nyuma yake usukani ukalia taratibu, kama unaoshikwa. Alisikia mawimbi yakivunjika mwambani, kwanza ubavuni mwa mashua, kisha nyuma yake. Mashua haikwenda mrama.

Aliporudi nyuma ya mashua, mpini wa usukani ulikuwa umegandwa na nta, laini bado, yenye alama za vidole.