Baiskeli Sifuri

"Baiskeli sifuri? Asubuhi tatu nzima, sifuri?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Usinizuge, Karani! Muuza maziwa na baiskeli yake kila siku nusura anikanyage vidole!"

Karani ni jina la utani tu. Darasani walimpa kwa sababu ya mwandiko wake safi. Aliyekuwa akimfokea getini ni Kidevu, mwenzake wa dawati. Darasa lilikuwa limemtuma Karani akae nje ya geti la shule saa moja kila asubuhi, aangalie barabara, aandike kila chombo kinachopita na kama kinapunguza mwendo. Kesho injinia wa manispaa angekuja kuchukua karatasi. Akiiamini, tuta la barabarani linajengwa. Asipoiamini, basi.

Fundi viatu, mwenye kibanda hapo getini, akatema misumari kiganjani.

"Aliipa barabara mgongo," alisema. "Siku zote tatu. Anaandika kwa kusikia. Lori linanguruma, pikipiki inapiga kelele. Baiskeli je?"

Kidevu akanywea. Mwezi uliopita lori lilimgonga mdogo wake Karani pale pale kwenye kivuko mbele ya geti. Tangu wamzike, Karani hajalia. Akiambiwa ale, anakula. Akiambiwa alale, analala. Hata sasa hakuona aibu wala hasira. Mwili mzima ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

"Siwezi kuangalia pale, mjomba."

"Najua, mwanangu. Ungesema tu. Injinia akiiona hiyo sifuri, atajua hata malori umeyatunga. Kazi ya kuangalia ni ya macho. Ulichokiona, andika. Usichokiona, sema hukukiona. Ukibuni, kesho ataumia mtoto wa mtu mwingine."

Karani akachukua kalamu. Juu ya karatasi, kwa mwandiko ule ule safi, akaandika: *Sikuangalia.* Akampa Kidevu.

"Mpelekee mwalimu. Nataka siku tatu nyingine."

"Na injinia? Si anakuja kesho?"

Fundi akainua jozi ya viatu vyeusi visivyo na soli. "Viatu vyake hivi hapa. Aje peku? Atangoja."

Kidevu akacheka. Karani hakucheka, ila alivitazama vile viatu kidogo.

"Nikishaipeleka, nikae nawe?" Kidevu akauliza, sasa kwa upole.

"Kaa. Lakini usinihesabie."

Akachukua karatasi mpya, akageuka, akaenda kwenye benchi linalotazama kivuko.