Nyota Mpya na Mbegu za Alizeti

Mvua ilinyesha Iguguno usiku kucha. Asubuhi Theresia alichota udongo shambani, akaufinya. Ukashikana vizuri.

"Baba Flora, leo tunapanda," alimwambia mumewe, Urbano.

Urbano hakuinuka. Alikuwa ameukumbatia mfuko wa mbegu za alizeti. Alikuwa ameuzungushia turubai.

"Hatupandi. Redio imesema ile nyota mpya inayoonekana usiku imelipuka. Inarusha chembe kwa kasi ya ajabu. Mbegu zitaungua ardhini."

"Na udongo ukikauka?"

"Tutasubiri mvua nyingine."

"Mwaka jana ulisubiri. Tukavuna mabua! Mwaka huu sikubali."

Theresia akavuka barabara. Alirudi na jirani yao, Mwalimu Loyce, anayefundisha fizikia sekondari.

"Umeletwa kunihukumu, Mwalimu?" Urbano aliuliza.

"Nimeletwa kukujibu. Uliza."

"Nyota imelipuka au haijalipuka?"

"Imelipuka. Redio haikudanganya. Huko kuna nyota mbili zinazozungukana. Moja ni ndogo, lakini nzito sana. Inavuta gesi ya mwenzake. Gesi hiyo hurundikana juu yake, hubanwa, hupata joto, mwishowe hulipuka. Nyota yenyewe hubaki."

"Na chembe? Nani anazirusha?"

Loyce akaokota mpira wa watoto pale uani.

"Simameni mbalimbali, mtazamane. Sasa tembeeni mkikaribiana. Mpira ukikufikia, upige kwa kiganja."

"Mimi, na mvi hizi?"

"Piga, mzee," Theresia alisema. "Au mpira nao unauogopa?"

Wakapiga. Kila walipokaribiana, mpira uliongeza kasi. Mwishowe ukachomoka, ukapindua sufuria ya maji ya kuku. Kuku wakatawanyika wakipiga kelele.

"Ndivyo ilivyo huko," Loyce alisema. "Gesi ya mlipuko hukimbia na kuigonga gesi iliyotangulia polepole. Hapo zinapogongana, chembe ndogo kuliko vumbi hurushwa huku na huku. Kila zikirushwa, huongezewa kasi, hadi hukaribia kasi ya mwanga. Zikigonga chembe nyingine, hutoa mionzi iitwayo gama."

"Basi tumekwisha!"

"Ngoja nimalize. Mwanga unaouona uliondoka huko kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Ni mbali kiasi hicho! Chembe zenyewe hutawanyika njiani. Mionzi inayofika kwetu ni kidogo mno, na hewa iliyo juu yetu huizuia. Wataalamu huipima kwa vyombo vilivyorushwa juu ya hewa hiyo. Nyota za namna hii zimekuwa zikilipuka tangu zamani, na wazee wako walilima, wakavuna."

Theresia alikuwa ameshashika jembe.

"Nyota haitalikausha shamba," alisema. "Jua hili ndilo litakalolikausha. Unakuja, au nitapanda peke yangu?"

Urbano akafungua turubai.

Walipanda hadi jioni. Migongo iliwauma, lakini hawakuacha mstari hata mmoja. Nyota ilipofifia, alizeti ilikuwa imeshachipua. Ilipotoweka kabisa, shamba lote lilikuwa la manjano, nyuki wakivuma toka ua hadi ua.

Siku moja, wakati wa kuvuna, redio ilitangaza kwamba mwezi utapatwa. Theresia akamtazama mumewe.

"Baba Flora, nikalete turubai?"

"Lete, tuanikie alizeti," alisema Urbano, akivaa kandambili. "Mimi nakwenda kwa Mwalimu kuuliza."